Hushiki Kitu, Hulipwi, Unafanya Nini?

Mazungumzo haya niliyatoa Norwich, mwishoni mwa Novemba, kwenye mkusanyiko wa Waswahili tunaoishi mashariki mwa England. Nimeyaandika karibu sawa na nilivyoyasema.

Shikamooni wazee wangu. Asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na nyote mlioacha shughuli zenu Jumapili hii kuja kukaa pamoja, karibuni sana.

Mwaka jana tulipokutana ukumbi huu huu, mzee wangu mmoja alinivuta kando baada ya chakula. Alikuwa amesikia kwamba kila Jumamosi, kuanzia mwisho wa Oktoba hadi Januari, nakwenda ufukwe wa Horsey kulinda sili. Akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, unasimama kwenye baridi asubuhi nzima. Hushiki kitu, hulipwi. Sasa unafanya nini?" Siku ile sikumjibu vizuri. Nilitaja mazingira, nikataja wanyama, akaitikia kwa heshima, tukaachana. Swali lake nimelala nalo na kuamka nalo mwaka mzima. Leo nimeomba nafasi nimjibu, na kwa kuwa yupo, nitasema naye mbele yenu.

Nianze na mnyama mwenyewe, maana wengi wetu tumekulia pwani lakini sili hatukumjua. Mimi ni mtu wa Mafia, nimezaliwa Kilindoni, binti wa mvuvi. Pomboo tulimjua, kasa tulimjua, na nguva tulimjua kwa masimulizi zaidi kuliko kwa macho. Siku ya kwanza nilipoonyeshwa sili hapa Norfolk, neno lililonitoka ni "nguva!" Nilikosea. Nguva ni jamaa ya tembo, chakula chake majani ya baharini, na nchi kavu hapandi maisha yake yote. Sili ni jamaa ya dubu na mbwa, anakula samaki, na nchi kavu hana budi kuipanda: apumzike, abadilishe manyoya, azae. Majini anakwenda kama mshale. Akishafika mchangani anajiburura kwa tumbo, anachoka, anapumua kwa nguvu. Kwa hiyo mambo makubwa ya maisha yake yanamkuta mahali asipoweza kukimbia. Mkilishika hilo, mengine yote nitakayosema yatafuata.

Katika pwani za Uingereza wako wa aina mbili. Yupo sili wa kawaida, mdogo, uso wa mviringo, anayezaa wakati wa kiangazi. Na yupo sili wa kijivu, ambaye dume lake hufika kilo 300, pua ndefu iliyonyooka, na huyu wa upande wetu huzaa wakati wa baridi kali. Uingereza ina takriban theluthi moja ya sili wa kijivu wote duniani, na wengi wao wako Uskoti. Wala msidhani sili ni wa Ulaya peke yake. Namibia wapo kwa makundi makubwa pale Cape Cross, na Mauritania wapo sili watawa, ambao ni adimu mno. Bara letu linao. Ila pwani yetu ya mashariki hawakuifanya makazi.

Sasa niwapeleke Horsey. Kutoka hapa ni mwendo usiofika saa moja kwa gari. Unaegesha, unapanda matuta ya mchanga yenye nyasi ngumu zinazochoma miguu, unafika juu, na mbele yako kuna bahari ya rangi ya chuma. Chini ufukweni unaona kama mawe yamemwagwa. Kisha jiwe moja linajikuna tumbo.

Njia ya juu imezungushiwa kamba, na kuna majukwaa ya kutazamia. Wakati wa kuzaa watu hawashuki ufukweni. Kazi hii inaendeshwa na kikundi cha watu wa kujitolea kiitwacho Friends of Horsey Seals. Wengi ni wastaafu, wako walimu, mafundi, wauguzi. Unapewa mafunzo, unavaa kizibao cha kung'aa, unasimama pale.

Nitawaeleza uzazi mmoja niliouona, maana ndio ulionifunga na kazi hii. Ilikuwa asubuhi, upepo wa kaskazini, na nilikuwa natazama upande mwingine kabisa. Nikasikia shakwe wamelipuka kwa kelele, wote kwa pamoja, kama watoto waliofunguliwa mlango wa madrasa. Mama mmoja mzee aliyekuwa zamu nami hakugeuza hata darubini. Alisema tu, "Amezaliwa." Shakwe wanajua kabla yetu, kwa sababu wanataka kondo la nyuma. Nikatazama wanakozunguka. Mtoto alikuwa amelowa, manyoya yake meupe yamepakwa manjano, ngozi imemzidi mwili kama mtoto aliyevalishwa kanzu ya kaka yake. Kitovu kilikuwa kinaning'inia, chekundu. Mama yake akageuka mzimamzima, akaweka pua yake kwenye pua ya mtoto, akanusa. Akanusa tena. Akawafukuza shakwe kwa kufunua meno, akarudi kunusa mara ya tatu.

Kule kunusa ndiko ndoa ya mama na mtoto. Kwa harufu ile na kwa sauti ya kilio chake atamtambua mwanawe katikati ya mamia. Na hana muda. Mtoto amezaliwa na kilo 14 hivi. Atanyonya siku kama 18 tu, maziwa ambayo zaidi ya nusu yake ni mafuta. Tui la kwanza la nazi, lile zito mnalotia mwisho kwenye mchuzi, ni maji mbele yake. Mtoto anaongezeka karibu kilo mbili kwa siku, mpaka anapita kilo 40 na kuonekana kama pipa. Muda wote huo mama hali kitu. Anampa mtoto mwili wake mwenyewe, anakonda hadi kupoteza zaidi ya theluthi ya uzito. Halafu anapandwa na dume, anaingia baharini, anaondoka. Mtoto anabaki mchangani peke yake, anapukutisha manyoya meupe, anavaa ya kijivu, na njaa ndiyo inayomfundisha njia ya majini.

Hesabuni wenyewe. Siku 18, na kila siku kilo mbili. Mama akikimbizwa majini asubuhi, akakaa huko hadi watu waondoke, mtoto amepoteza mlo ambao hautalipwa. Akikimbizwa mara nyingi, au harufu ikivurugika, anaweza asirudi kabisa. Na mtoto mwenyewe akitishwa akaingia baharini, yale manyoya meupe hayazuii maji. Yanalowa, yanakuwa mzigo.

Mzee wangu, hapa ndipo napaswa kukiri jambo. Kabla sijawa wa kujitolea, nilikuwa miongoni mwa wanaokimbiza.

Nilikwenda Horsey mara ya kwanza na wanangu, mtembezi tu. Mtoto wa sili mmoja alikuwa amejiburura hadi karibu na njia, yuko peke yake, analia. Ndugu zangu, kilio cha mtoto wa sili ni kilio cha mtoto wa binadamu. Mimi nimelea watatu. Mwili ulinisisimka wote. Nilikuwa nimejifunga kanga shingoni chini ya koti. Nikaifungua, nikavuka kamba, nikaanza kumwendea nimfunike, kwa sababu moyoni nilishakata shauri kwamba ametupwa. Nilibakiza hatua chache. Mama mmoja wa makamo akaja upande wangu. Hakukimbia, hakupiga kelele. Akasimama pembeni yangu kama jirani aliyekuja kuazima chumvi, akasema: "Naomba utazame kule majini."

Nikatazama. Kwenye povu la mawimbi, si mbali, palikuwa na kichwa cheusi, macho mawili makubwa, yananitazama mimi. Si mtoto, ni mimi. Ni mama wa yule mtoto, alikuwa anangoja niondoke.

Tukarudi nyuma pamoja, tukakaa kimya juu ya tuta. Sijui ilikuwa dakika ngapi. Kichwa kikasogea, kikazama, kikaibuka karibu zaidi, kisha mama akatoka majini anahema, akajivuta hadi kwa mwanawe, akamnusa, akalala ubavu. Kanga bado nilikuwa nayo mkononi. Wiki iliyofuata nilijaza fomu.

Kwa hiyo ukiniuliza nafanya nini, jibu la kwanza ni kwamba nasema maneno yale yale niliyoambiwa: naomba utazame kule majini. Nimeyasema kwa wazazi waliotaka kumweka mtoto wao karibu na sili wapige picha. Nimeyasema kwa vijana waliofikiri kile kitoto kimekufa wakataka kukisukuma kwa mguu waone. Sipendi kusema "hairuhusiwi". Mtu akiambiwa hairuhusiwi anatafuta njia ya kuzunguka. Akishaona kile kichwa majini, mara nyingi anarudi nyuma mwenyewe, na mara nyingine anabaki kuwaambia wengine. Sisi tuliolelewa kwenye adabu ya kubisha hodi tunaifahamu kazi hii. Kuna nyumba ya mzazi pale mchangani. Huingii kwa mzazi hujaitikiwa.

Na msidhani kwamba sheria ingetosha bila sisi. Sili wa kijivu walitungiwa sheria ya ulinzi mwaka 1914, wakati walipokuwa wamewindwa sana kwa ngozi na mafuta. Ikaja nyingine mwaka 1970. Tangu Machi 2021 ni kosa katika England kumuua au kumjeruhi sili kwa makusudi au kwa uzembe. Lakini kumsumbua tu, kumtisha akakimbilia majini, sheria hiyo ya England haikukugusa. Uskoti wamekwenda mbele kidogo: kuna sehemu maalumu za mapumziko ya sili ambako kuwabughudhi ni kosa. Huku kwetu, mahali pengi, kati ya mama anayenyonyesha na mtu mwenye simu mkononi kuna kamba moja na mtu wa kujitolea. Naliona hilo ni pengo kubwa, na nimewaandikia wabunge wetu kusema hivyo.

Jibu la pili, mzee wangu, ni kwamba nahesabu.

Kila wiki ya msimu wanapita wahesabuji, wanatembea taratibu, na wale wenye uzoefu wanamtazama kila mtoto na kumpanga kwa rika. Kuna marika matano. Rika la kwanza ni yule wa kitovu kinachoning'inia, ngozi imekunjamana, hajui hata miguu yake iko wapi. La pili kitovu kimekauka, mwili umeanza kujaa. La tatu ni pipa: shingo haionekani, manyoya yangali meupe. La nne ameanza kunyonyoka, kwanza usoni na kwenye vikono vyake vya kuogelea, unaona mabaka ya kijivu na manyoya meupe yametapakaa mchangani kama sufi. La tano amemaliza, ana koti jipya. Ukijua rika unajua alizaliwa lini, na ukijua hivyo hutamhesabu mara mbili, wala hutamkosa aliyekwisha ondoka. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuifanya kazi hii akifundishwa, bora awe mkweli. Ukiona 38, andika 38. Usiandike 40.

Nawaambia hili kwa sababu namba za watu wa aina hii zimejenga elimu yote tuliyo nayo. Pale Blakeney Point, kaskazini ya Norfolk, mtoto wa kwanza wa sili wa kijivu alionekana mwaka 1988. Mwaka 2001 walihesabiwa 25. Miaka kama ishirini baadaye walikuwa zaidi ya 3,000, na pakawa ndipo mahali penye wazao wengi kuliko pote England. Horsey nako walikuwa wachache, leo ni zaidi ya 2,000 kwa msimu. Visiwa vya Farne, kule Northumberland, wamekuwa wakihesabu tangu miaka ya 1950. Hebu mfikirieni aliyeandika ile 25. Alitembea kwenye upepo, akaona watoto 25, akarudi nyumbani na karatasi yenye tarakimu mbili. Pengine na yeye aliulizwa anafanya nini.

Hesabu hizi za misimu huungana na zile za wanasayansi wa Chuo Kikuu cha St Andrews, wenye kitengo cha utafiti wa mamalia wa baharini, ambao hupiga picha za sili kwa ndege na kuishauri serikali. Bila mfululizo wa namba, huwezi kujua kilichopotea. Mwaka 1988 ugonjwa wa virusi, vya jamii moja na vile vya surua, ulianzia kisiwa cha Anholt cha Denmark ukaenea Bahari ya Kaskazini. Sili wa kawaida walikufa kwa maelfu. Wanataja zaidi ya 18,000. Katika ghuba ya The Wash, mlango wa pili kutoka hapa tulipo, karibu nusu yao walikwisha. Mwaka 2002 ugonjwa ukarudi, na ukaanzia Anholt kwa mara nyingine. Ni katika msiba ule wa 1988 watu walijikusanya wakaanzisha kikosi cha uokoaji cha British Divers Marine Life Rescue, ambacho hadi leo kinafunza watu wa kujitolea nchi nzima. Na sasa hivi sili wa kawaida wa upande wetu wa kusini-mashariki wamepungua tena kwa miaka kadhaa mfululizo. Limejulikana kwa sababu kuna watu hawakuacha kuhesabu miaka ile mambo yalipokuwa mazuri.

Upande wa Cornwall wana njia nyingine ambayo naipenda mno. Mabaka ya manyoya ya sili wa kijivu hayafanani. Kila mmoja ana yake maisha yote, kama alama za vidole. Watu wa kujitolea wanapiga picha kutoka juu ya majabali, kwa lenzi ndefu, kisha usiku nyumbani wanakaa na albamu kulinganisha: doa hili mfano wa ndizi, hili mfano wa jicho. Sue Sayer, mwalimu wa zamani, ndiye aliyeianzisha kazi hiyo na taasisi yake. Kwa njia hiyo wakamtambua jike waliyempa jina Tulip Belle. Cornwall alikuwa akionekana kila mwaka. Wenzao wa Isle of Man wakaleta picha za jike aliyekuwa akizalia kisiwa kidogo cha Calf of Man. Kulinganisha, ni yeye. Anaishi huku, anazalia kule, kama mama zetu walivyokuwa wakirudi kwao kujifungua. Hakuna aliyemfunga kifaa wala kumtia alama. Walimtazama tu, sehemu mbili, miaka mingi.

Kuna siku kutazama peke yake hakutoshi, sitawaficha. Tarehe 5 Desemba 2013 bahari ilipanda usiku kwa dhoruba, pwani yote hii ikafunikwa, katikati ya msimu wa kuzaa. Watoto wengi walisombwa au kutenganishwa na mama zao. Sikuwepo, lakini walionifundisha walikuwepo, na wakilisimulia sauti zao hubadilika. Siku kama ile unapiga simu, na wenye mafunzo wanakuja na machela.

Halafu kuna hii plastiki. Mnaijua ile sahani ya kurusha ufukweni, yenye uwazi katikati kama bangili kubwa. Sili, hasa mchanga, ni mdadisi, anaingiza kichwa. Inapita masikioni, inakwama shingoni, na haitoki nyuma wala mbele. Yeye anakua, pete haikui. Mwaka 2017 hapa Horsey aliokolewa jike aliyekuja kuitwa Mrs Frisbee. Plastiki ilikuwa imezama ndani ya nyama ya shingo, imemla pande zote. Akapelekwa East Winch, kituo cha RSPCA, lile shirika la kutetea wanyama, akakatwa pete ile, akatibiwa miezi, kidonda kikioshwa kwa maji ya chumvi, mpaka mapema mwaka uliofuata akarudishwa baharini. Alionekana kwanza na nani? Na mtu mwenye darubini aliyesimama juu ya tuta akiwapitia mmoja mmoja, shingo kwa shingo. Tangu hapo nami kila nikifika nafanya hivyo kwanza, napitia shingo. Nawaomba kina mama: vitu vile vya pete msiwanunulie watoto kwa ajili ya ufukweni. Sahani iliyozibwa katikati inaruka vilevile.

Wageni wetu mliotoka London, na nyinyi mnao. Mto Thames mwaka 1957 wanasayansi waliutangaza kuwa mto mfu. Hesabu ya mwaka 2021, kuanzia mlangoni mwa mto, ilikadiria sili wa kijivu zaidi ya 2,800 na wale wa kawaida karibu 800, na wananchi wa kawaida huripoti wanaowaona hadi katikati ya mji. Machi 2021 mtoto mmoja alizoea kupumzika ukingoni Hammersmith. Watu wakampenda, wakampa jina la Freddie Mercury, wakawa wanakuja kumtazama. Mbwa asiyefungwa kamba akamrukia. Waliokuwepo walijitahidi kuwaachanisha, lakini kikono kilikuwa kimevunjika vibaya, ikabidi madaktari wa mifugo wamuue kwa dawa asiteseke zaidi. Mwenye mbwa na afunge kamba. Sina namna nyingine ya kulisema.

Na usalama wenu pia. Sili huuma, na kinywa chake kina vijidudu vinavyoleta maradhi ya kidole yanayojulikana kwa wavuvi wa kaskazini tangu zamani: kidole kinavimba, kinawaka moto, kiungo kinakakamaa. Penisilini ya kawaida haikitibu. Daktari lazima aambiwe ni sili ili atoe dawa nyingine, tetrasaiklini. Mita 10 ni kiasi cha chini kabisa cha kukaa mbali, na ukiwa mbali zaidi unamwona akifanya mambo yake. Ukiona ameinua kichwa anakutazama, umeshakaribia mno.

Kuna ndugu yangu mmoja aliniambia: mambo haya ni ya Wazungu, sisi kwetu tuna shida zetu. Namheshimu, lakini hakusema kweli juu ya kwetu. Kisiwa cha Juani, pale Mafia, wako vijana na wazee wa vijijini wanaoamka alfajiri kutembea ufukwe mzima kutafuta alama za kasa. Wakikuta kiota wanaandika tarehe, wanakilinda siku 50 na ushei, na siku vitoto vinapotoka wanasimama pembeni viende majini kwa miguu yao. Shirika la Sea Sense limekuwa likifanya nao kazi hiyo miaka mingi. Watamu, Kenya, kadhalika: wavuvi wanapiga simu kusema kasa amenasa wavuni, njooni. Baba yangu hakuhesabu kasa, aliwala, kama kila mtu wa zamani zake. Lakini alijua bamvua na maji mafu kuliko kalenda yoyote, na angeweza kukaa juu ya ngalawa asubuhi nzima akitazama maji bila neno, na jioni akakwambia nini kimepita na kilielekea wapi. Nikiwa juu ya lile tuta, na baridi imenikata vidole, namwona. Kutazama vile kulinifika kutoka kwake. Sikukujifunza Norfolk.

Mzee wangu, umenisikiliza kwa subira. Sikulipwa kitu, ni kweli, na kushika sikushika. Kuna mama kule ambaye mwaka huu amenyonyesha siku zake zote 18 mbele ya maelfu ya watu, wala hakujua kwamba tulikuwepo. Namjua kwa kovu la mwezi mchanga chini ya jicho la kushoto. Mwaka jana pia alikuja, karibu mahali pale pale. Mwanawe sasa yuko rika la nne.

Jumamosi ijayo nina nafasi nne kwenye gari. Tunaondoka hapa ukumbini saa mbili asubuhi. Vaeni soksi mbili mbili, viatu visivyopenya maji, na kofia ya kufunika masikio. Kina mama wenye kanga leteni, mjifunge shingoni, ila zisifunguke. Chai nitabeba mimi, ya tangawizi. Mbwa wabaki nyumbani. Mzee, wewe utakaa mbele.

Na tukifika juu ya tuta, mkisikia shakwe wamelipuka wote kwa pamoja, msingoje niwaonyeshe. Tazameni chini, wanakozunguka.